Rangi haizuii maji

Kila mwezi wa Desemba, jamaa kutoka bara huteremka Mombasa kwa treni, kwa basi na kwa magari yao, na baada ya siku mbili tatu ufuo wa Bamburi huwa hauna pa kukanyaga. Watoto hupanda ngamia, hunywa madafu, kisha macho yao huangukia ile pikipiki ya baharini inayonguruma na kutimua povu jeupe. Hapo mzazi hana ujanja. Atapatana bei na kijana wa ufuoni, mtoto atavishwa jaketi la kuokoa maisha, na dakika kumi na tano baadaye watarudi wamelowa na kucheka. Katika shughuli hiyo yote sijamwona hata mzazi mmoja akiinama kutazama chini ya chombo. Si ajabu. Nani aliyewahi kulala chini ya matatu kabla ya kuipanda?

Mimi huinama. Nimekuwa nikiinama tangu Oktoba 2022, na watu hudhani nimeangusha pete.

Pikipiki ya baharini haina panka linaloning'inia nje kama motaboti. Injini yake hufyonza maji kupitia tundu lililo chini ya tumbo la chombo na kuyatema nyuma kwa nguvu, na hayo maji yanayotemwa ndiyo huisukuma mbele. Kampuni ya Bombardier ya Kanada ilitoa ya kwake, Sea-Doo, mwaka wa 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kawasaki ya Japani ikaja na Jet Ski, ambayo mtu aliiendesha akiwa amesimama wima. Jina hilo la Kawasaki limezoeleka hata likapachikwa kila chombo cha aina hiyo, kama vile mama zetu walivyoita kila sabuni ya unga Omo.

Injini ndiyo watu huisifu. Lakini kinachomtenga abiria na kina cha bahari ni ganda tu, ambalo vijana wa ufuoni huliita bodi, na ganda hilo kwa kawaida ni la faiba. Faiba ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zilizoloweshwa kwa maji mazito ya rezini ambayo hukauka yakawa magumu. Nyuzi peke yake ni laini kama pamba. Rezini peke yake huvunjika kama sahani. Vikishikana sawasawa huwa kitu kimoja chenye nguvu ya ajabu, mithili ya zege iliyotiwa vyuma. Viwanda vikubwa hukandamiza shiti za faiba katika kalibu za chuma zenye moto, kwa mashine zenye uzito wa kutisha, na kila bodi inayotoka hufanana na dada yake. Lakini faiba yaweza pia kutengenezwa kwa mkono uani: unapaka kalibu, unatandika mati ya nyuzi, unaipaka rezini kwa brashi, unatandika nyingine. Mashua za faiba zimeundwa hivyo duniani tangu miaka ya 1940, na nyingi ni nzuri mno. Yote hutegemea mkono uliopaka.

Ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu, alikuwa amewashikia watu pikipiki zao ufuoni kwa miaka sita. Korona ilipoingia na ndege za kutoka ng'ambo zikasimamishwa Machi 2020, alirudi nyumbani Kisauni akawa anauza viazi karai mlangoni. Ndege zilirejea Agosti mwaka huo, lakini watalii hawakurejea nazo kwa haraka. Alipokaa akafikiri, aliamua kwamba hatarudi kumshikia mtu chombo. Atakuwa na chake.

Julai 2022 akakipata. Bei shilingi 380,000. Yeye alikuwa na 100,000 alizodunduliza. Mimi, ambaye huandika makala Nairobi kwa mshahara ambao mhariri wangu anaujua, nilitoa 80,000. Zilizosalia 200,000 alikopa Mama kutoka SACCO yake ya soko la Kongowea, mkopo wa miaka miwili, na wadhamini wake walikuwa wanawake wawili wanaouza nyanya meza moja naye. Nayataja haya ili ujue, msomaji, kwamba chombo kile kilipoteremshwa majini mara ya kwanza kilikuwa kimebeba watu wengi zaidi ya wale waliokuwa wamekikalia.

Injini ilikuwa ya Kijapani na ilinguruma vizuri. Bodi ya asili ilikuwa imepasuliwa na miamba zamani, na muuzaji alisema ametiwa bodi mpya katika karakana moja hapa Pwani. Hakudanganya. Ilikuwa mpya. Ilikuwa samawati, yenye mistari ya manjano, inameremeta hata ungeweza kujitazamia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hawakuwahi kuona rangi ya kisasa.

Kwanza chombo kilianza kunywa maji. Pampu ndogo ya kuyatolea ilifanya kazi bila kupumzika. Kisha kikaanza kunenepa: watu wanne waliokuwa wakikipandisha kwenye trela jioni wakawa hawatoshi, wakatakikana sita. Mwezi wa Septemba nyufa nyembamba kama utando wa buibui zikatokea karibu na pua. Halafu siku moja mteja mmoja, bwana mnene wa kutoka Nakuru, alirudi ufuoni kabla ya muda wake kwisha, akashuka na kusema kwamba sakafu chini ya nyayo zake inabonyea kama godoro.

Nilichukua likizo ya juma moja, nikapanda basi la usiku.

Nilipofika, Mjomba alikuwa ameshaitwa. Mjomba wangu, kaka yake Mama, ameunda na kutengeneza mashua na majahazi tangu ujana wake, huku Mombasa na kule Lamu, na sasa amepita miaka sabini. Faiba kwake ni plastiki. Ndiyo iliyomnyima kazi, kwani wavuvi wengi waliokuwa wakimletea mashua kutia kalafati sasa wana maboti ya faiba yasiyohitaji pamba wala mafuta ya sifa. Kwa hiyo alikizunguka chombo kile mikono nyuma, kama mzee aliyeletwa kumwona posa asiyempendeza.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nipe shilingi."

Nikampa sarafu ya shilingi kumi. Chombo kilikuwa kimepinduliwa juu ya magurudumu mazee, tumbo juu. Mjomba akaanza kukigonga kwa ukingo wa ile sarafu, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Ti, ti, ti, ti. Kisha: du. Akarudi nyuma. Ti. Akasogea mbele. Du. Akaomba chaki. Palipolia ti alipaacha. Palipolia du alipazungushia mstari. Ilipofika Magharibi tumbo la samawati lilikuwa na visiwa kumi na kimoja vya chaki, kimoja kikubwa kama sinia ya pilau, karibu na mkuku.

"Mbao ikioza ndani husema hivi hivi," alisema, na nadhani alifurahi kidogo.

Fundi wa kwanza aliyeitwa ni wa kunyoosha magari. Alitazama, akacheka, akasema hiyo ni kazi ya siku moja: atakwangua nyufa, atajaza bodi fila, atapiga msasa, atapuliza rangi. Shilingi 15,000. Alikuwa mtu mwaminifu, na kwa mlango wa matatu ushauri wake ungekuwa sahihi. Lakini fila ni rezini iliyochanganywa na unga laini. Haina nyuzi, haina mishipa. Chombo kinachokimbia zaidi ya kilomita 70 kwa saa hupigwa na mawimbi kama mtu anayepigwa kofi kila nukta, na kwa mwendo huo maji hayana ulaini wowote. Fila ingeng'oka ndani ya wiki mbili. Isitoshe, fila ya magari hufyonza maji.

Hata hivyo, wiki mbili zingetosha. Nasema hivi kwa sababu alikuwapo mnunuzi. Alikuwa mtu wa bara mwenye nyumba kando ya ziwa, aliona picha ya chombo kwenye simu ya rafiki, akapiga simu: kama kiko safi atatoa 300,000 taslimu, atakuja Jumamosi. Ndugu yangu alitueleza habari hizo usiku, tumekaa barazani, umeme umekatika. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Fila na rangi 15,000. Mkopo wa Mama ungelipwa wote. Wadhamini wake wangelala. Yeye angekuwa amepoteza pesa zake na kidogo ya zangu, basi. Na zaidi ya hayo, alisema, hivyo hivyo ndivyo alivyofanyiwa yeye. Alikuwa amemrudia muuzaji, akajibiwa, "Uliiona, ukaipenda, ukainunua." Ile karakana nayo ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyejua mwenyewe amehamia wapi.

Sikumlaumu. Ukiwa na deni la mama yako kichwani, mambo mengi huonekana halali. Lakini sisi tuliokulia Mombasa hatuna ucheshi na vyombo vya majini. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikaua watu 272, na hadi leo kuna nyumba katika mitaa ya Likoni ambamo siku hiyo haitajwi wakati wa chakula. Nilitaka kuyasema hayo. Mama alinitangulia, naye hakutaja feri.

"Huyo mnunuzi ana watoto?"

"Amesema anao watatu. Ni wao anaowanunulia."

Mama aliendelea kuchambua mchele wake kwa mwanga wa taa ya chemni. Hakuongeza neno. Asubuhi, kabla sijaamka, ndugu yangu alikuwa ameshatoka kwenda Mtwapa kumtafuta fundi mwingine.

Fundi wa Mtwapa amefanya kazi miaka mingi na maboti ya kuvulia samaki wakubwa yanayoegeshwa katika mkono ule wa bahari. Si msemaji. Alikuja na msumeno wa mviringo, akachagua kile kisiwa kikubwa cha chaki, akasimama.

"Nikikata hapa, hutauza wiki hii," alimwambia ndugu yangu. "Nikate?"

"Kata."

Alikata kipande kilicholingana na kisosi cha kikombe cha chai, akatuwekea kiganjani. Sijawahi kusoma hati yenye ushahidi mwingi namna ile. Ukingo wake ulionyesha matabaka, na matabaka hayo hayakuwa yameshikana: fundi aliingiza ukucha akayabandua moja baada ya jingine, kama anayemenya chapati. Katikati nyuzi zilikuwa nyeupe na kavu kabisa. Rezini haikuwahi kuzifikia. Aliyezitandika aliibana ili apunguze gharama, au alikuwa na haraka, au vyote viwili. Upande mmoja bodi ilikuwa na unene wa milimita tisa na upande wa pili, umbali wa shubiri tu, milimita tatu. Pale bodi inapokunja kona kufuata mkuku, mati haikukandamizwa ikafuata kona. Ilipita juu kama daraja na kuacha pango la hewa nyuma yake. Juu ya pango hilo kulikuwa na jelikoti tu, yaani lile tabaka la nje la rangi, jembamba kama ganda la yai. Ndipo nyufa za buibui zilipoanzia, na ndipo maji yalipopatia mlango.

"Hili si tundu," fundi alisema. "Huu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao."

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nitake kuandika haya. Chombo kizuri kilichogonga mwamba kina kidonda, na kidonda kina mpaka: unakata palipoumia unafika kwenye nyama nzima. Chombo kilichoundwa vibaya hakikuambii mpaka uko wapi. Unakata, unafika mahali unadhani ni pazuri, unagonga, kinalia du, unakata tena. Fundi alikuwa akimtazama ndugu yangu kila mara kabla ya kuendelea, kwa kuwa kila sentimita ilikuwa na bei yake. Na kila mara ndugu yangu alijibu neno moja: "Tanua." Jioni ile theluthi nzima ya tumbo ilikuwa wazi. Simu ya mnunuzi ilipolia, ndugu yangu alimwelezea yote, hata zile nyuzi kavu. Bwana yule alimshukuru, akakata. Hatukumsikia tena.

Unene wote ule wa chombo nao ukafahamika. Ndani ya bodi hutiwa povu gumu la kukisaidia kuelea. La kwetu lilikuwa limelowa kama sponji ya kuogea. Tulilichimba kwa kisu na vijiko, magunia matatu, tukayaweka juani, na maji ya chumvi yakachuruzika siku mbili. Kisha ikabidi kusubiri, maana faiba yenye unyevu haishiki dawa, na huo ulikuwa mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikija na kwenda zipendavyo. Tulijenga kibanda cha mabati na turubai, tukaning'iniza balbu mbili na feni moja. Siku tisa. Bili ya stima tuliigawana.

Likizo yangu ilikwisha nikarudi Nairobi, nikawa nateremka kila mwisho wa juma. Mhariri alidhani nimepata mchumba wa Kipwani.

Kukwangua faiba ni kazi ya laana. Vumbi lake ni sindano ndogo za kioo. Huingia kwenye kola, kwenye kope, kwenye soksi. Lazima barakoa ya maana, si kitambaa, lazima miwani, lazima mikono mirefu. Na ukimaliza, oga maji baridi kwanza. Mjomba alikuja kutazama akiwa amejifunika kanga ya Mama kichwani hadi miguuni, macho tu nje, na watoto wa jirani wakamfuata wakicheka.

Hapo ndipo alipobadilika. Fundi alikuwa akikwangua kingo za lile tundu, si wima kama ukuta, bali mshazari mrefu kama mteremko wa kilima: kwa kila milimita moja ya unene, milimita kumi na mbili za mteremko. Bodi ya milimita sita hivyo hutaka mteremko wa sentimita saba na zaidi kuzunguka tundu lote. Sababu ni kwamba kiraka kipya hakiwezi kuungana na nyuzi za zamani ncha kwa ncha. Hushika kwa kulaliana, na kadiri kinavyolala eneo kubwa ndivyo kinavyoshika. Mjomba alichutama, akapitisha kidole gumba juu ya mteremko ule, akavua kanga.

"Kumbe mnaunga kama sisi," alisema. Alitueleza jinsi ubao mmoja wa jahazi unavyoungwa na mwingine kwa kukatwa mshazari, na kwamba fundi anayeunga ncha kwa ncha hufukuzwa kazini. Kuanzia siku ile alikuwa akifika kabla ya fundi, na ole wako ukiacha alama ya mafuta ya mkono juu ya mahali palipokwisha kusafishwa.

Kulikuwa na mjadala wa dawa. Rezini ya kawaida, ile ya poliesta, ni rahisi na ndiyo iliyounda ile bodi. Lakini ikishakauka, poliesta mpya juu ya poliesta kuukuu haishiki kwa nguvu sana. Epoksi hushika vizuri zaidi ila bei yake ilikuwa mara tatu. Fundi alisema kwa bodi iliyoaminika angetumia poliesta bila wasiwasi, kwa hii hapana. Tukanunua epoksi. Pamoja nayo tukanunua kitambaa cha faiba kilichofumwa badala ya mati, kwa kuwa ile gundi inayozishika nyuzi za mati pamoja imetengenezwa iyeyuke ndani ya poliesta, na katika epoksi haiyeyuki inavyotakikana.

Mimi nilipewa mizani. Poliesta hukubali hadena kiasi kidogo tu, asilimia moja au mbili, na fundi aweza kuongeza au kupunguza kufuatana na joto la siku. Epoksi haina mzaha huo. Kipimo kilichoandikwa mkebeni ndicho hicho hicho. Ukizidisha hadena haikauki haraka, inabaki laini milele. Joto la Mombasa nalo lilikuwa adui. Asubuhi moja tulichelewa kidogo, epoksi ikabaki kikombeni badala ya kumwagwa kwenye sinia pana, ikaanza kujichemsha yenyewe, ikatoa moshi na kuyeyusha kikombe mbele ya macho yetu. Kuanzia hapo kazi ilianza saa kumi na moja alfajiri, baada ya adhana, na kufikia saa mbili zana zilikuwa zimeoshwa.

Tabaka kwa tabaka, kila moja likikandamizwa kwa rola ndogo mpaka hewa yote itoke na kitambaa kigeuke kutoka weupe kuwa kama kioo. Ukiona bado ni cheupe, ujue kina njaa. Baada ya kukauka, epoksi hutoa jasho lenye utelezi ambalo lazima lioshwe kwa maji na kupigwa msasa, la sivyo tabaka linalofuata litaketi juu ya jasho. Nilijiuliza mara nyingi kama yule aliyeiunda ile bodi kwanza alikuwa hayajui haya au alikuwa na mtu nyuma yake akimharakisha. Muundaji hulala nyumbani kwake usiku. Anayeelea ni mwingine.

Vifaa vyote vilitugharimu 58,000. Fundi alitaka 40,000, akapunguza hadi 30,000 kwa heshima ya Mjomba. Jumla 88,000, na Desemba ilikuwa inakwenda. Kutoka ufuoni tuliwasikia wenzake wakinguruma kutwa nzima. Ndugu yangu hakuwa akienda kule. Nadhani hakutaka kuona foleni za wateja. Mama alilipa awamu ya mkopo ya mwezi huo kwa pesa za nyanya.

Jaribio lilifanywa nchi kavu. Chombo kiliwekwa juu ya magurudumu bila injini, kikamiminwa ndoo kumi za maji ndani. Mjomba akanyunyiza unga wa ngano mkavu chini yake, kwenye karatasi, ili tone lolote lijiandike. Tukaenda kulala, ila sina hakika nani alilala. Asubuhi unga ulikuwa mkavu kote, isipokuwa mahali pamoja penye ubonge kama wa donati. Ndugu yangu alishika kichwa. Fundi akainama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue: lilikuwa tundu la kizibo cha kutolea maji, limeisha mpira wake. Mpira mpya ulinunuliwa kwa shilingi 50.

Kiliingia baharini tarehe 29 Desemba 2022. Watu wanne walikibeba.

Jelikoti haishikamani vyema na epoksi, kwa hiyo tumbo lilipakwa rangi ngumu ya kuchanganya, nyeupe. Kutoka chini kinafanana na ng'ombe wa mabaka, samawati na nyeupe, na wateja walikuwa wakiuliza mbona hakimaliziwi. Ndugu yangu hakutaka kukipaka samawati. Ufa huonekana upesi kwenye weupe.

Nimeulizwa na wasomaji kadhaa wanaotaka kuanza biashara za ufuoni wanunue vipi. Mimi si fundi, lakini niliyoyaona nitayasema. Usianze na rangi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: fungua kiti, ingiza tochi, utazame bodi kwa ndani ambako hakuna aliyejisumbua kupaka. Nyuzi zikiwa nyeupe na za kuchoma kidole, zilinyimwa rezini. Kipime uzito kama unaweza, ukilinganishe na ule ulioandikwa na kiwanda. Kilo zilizozidi ni maji. Na ukigonge. Muuzaji akikukataza kugonga, basi ameshakujibu. Mzazi anayekodi kwa dakika kumi na tano hana haja ya yote hayo, ila aombe tu kuona kikitolewa kizibo ufuoni kabla ya zamu ya mwanawe. Yakitoka maji machache si neno. Yakitoka kama ya mfereji, mnunulie mtoto dafu.

Mkopo wa Mama ulimalizika Julai 2024, mwezi ule ule uliopangwa. Wadhamini wake walikuja nyumbani siku hiyo wakala pilau, na mmoja akaomba kupandishwa chombo, akazunguka na ndugu yangu mara moja akipiga mayowe hata watu wakasimama.

Mjomba hajawahi kukipanda. Lakini sasa ana kazi mpya ambayo hakuitafuta. Vijana wa ufuoni humletea vyombo vyao avisikilize, naye hatozi kitu zaidi ya kahawa chungu na kashata. Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho alikuja kijana mmoja na pikipiki nyekundu iliyong'aa, mpya, ameinunua juzi kwa pesa za shamba la baba yake. Mjomba aligonga mara tatu tu karibu na mkuku, akatulia, akamrudishia sarafu yake.

"Keti kwanza, mwanangu," alimwambia. Kisha akamgeukia ndugu yangu. "Mpigie fundi wa Mtwapa. Mwambie aje na msumeno."